Leseni Iliyokatwa kwa Mkasi

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana wanaostaafu hapa bomani huwa na mvi na fimbo, na mimi nina miaka ishirini na minne. Lakini barua niliyopewa inasema nimepumzishwa kazi kwa manufaa ya ofisi, na mtu aliyepumzishwa ni mstaafu, apende asipende. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi makarani mtakaokaa kwenye kile kiti cha dirishani, chumba cha leseni na ushuru. Vyeo na mishahara naviruka. Cheo sikupata, na mshahara mkiusikia sasa hivi mtarudi kulima pamba.

Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi, viatu nimevishika mkononi mpaka mlangoni visiingie vumbi. Shuleni nilikuwa nimefundishwa eneo la pembetatu na majina ya mito ya Uingereza, nikadhani nitaulizwa moja katika hayo. Karani mkuu alikuwa Mzee Zakaria, Mhaya mfupi aliyeanza ukarani tangu wakati wa Mjerumani. Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu, akanipa kitambaa na sindano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Safisha muhuri. Herufi ya O imeziba, inatoka kama tone la wino."

"Nikimaliza, Mzee?"

"Ukimaliza kuna muhuri wa pili."

Wiki nzima nilichokonoa mihuri. Nilikasirika sana. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu kila jioni kwamba elimu yangu inaoza. Leo nasema hivi: karani mpya asikatae sindano. Nimeona mtu akirudishwa na askari kutoka Mkolani kwa miguu kwa sababu muhuri wake haukusomeka, na aliyeziba muhuri si yeye.

Wiki ya pili Mzee Zakaria alinifundisha kodi za biashara, na somo lote lilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

"Watu watakuja na samaki, na vitunguu, na kaniki, na vitumbua. Usitazame mzigo. Tazama miguu."

"Miguu, Mzee?"

"Miguu ikitembea, huyo mchuuzi, mpe leseni ya uchuuzi. Miguu ikikaa chini ya paa lake mwenyewe, huyo ana duka, mpe leseni ya duka. Miguu ikikaa sokoni au mwaloni kwenye mitumbwi, hapo ni ardhi ya serikali, atalipa ushuru kwa kila mzigo anaoleta, siku hiyohiyo. Na kama anapika hapo akauza, atachukua na leseni ya mwaka."

"Na kama ameleta mzigo akashinda hakuuza kitu?"

"Ushuru hauulizi kama umeuza. Unauliza kama umekuja."

"Na akiuza sana?"

"Hapo ndipo tunamtafutia leseni nyingine."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anakunywa chai.

Niliyoyaona baadaye ni haya, na yaandikeni: wenye biashara ndogo wengi hawakatai kulipa. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia wanalipa nini. Mtu akifika dirishani mwambieni mambo matatu tu, kipi ni cha mwaka, kipi ni cha siku, na karatasi ipi aitunze nyumbani panya asiile. Mkishindwa yote, mwambieni la tatu. Na mumwambie kwamba leseni haimwondolei kodi ya kichwa. Kuna mzee mmoja wa vitunguu alikamatwa kwa kodi ya kichwa akatoa leseni yake kwa furaha. Nikamwambia hiyo ni ya biashara. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nilipokuwa nalipa hii, kichwa changu kilikuwa wapi?" Mpaka leo sijapata jibu, na nilimaliza shule kwa alama nzuri.

Mwaka wangu wa pili alikuja Bwana Shauri mpya, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza. Kila Bwana Shauri mpya huja na wazo moja, na wa kwetu wazo lake lilikuwa milango. Alisema duka ni mlango. Kila mlango unaofunguka barabarani ni duka moja, na kila duka lina leseni yake. Bwana Hirji, Mhindi wa kaniki na khanga, duka lake lilikuwa na milango mitatu. Nilimpelekea barua mwenyewe. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama nimekunywa maji.

Kesho yake milango miwili ilikuwa imepigiliwa mbao. Wenzake wakaona, wakapigilia na wao. Mtaa mzima ukawa kama una msiba. Wanaoingia wakagongana na wanaotoka, mama mmoja akakwama na ndoo kichwani, na Bwana Shauri alipopita kuuliza kuna nini akajibiwa na kila mtu kwa adabu, "Tunatii, Bwana." Baada ya wiki tatu amri ikafa. Nikaenda kumwambia Bwana Hirji afungue.

"Andika," akasema.

"Haina haja ya kuandika, Bwana Hirji, fungua tu."

"Kufunga mliandika. Kufungua pia mtaandika. Mimi, ndugu yangu, ni mwenye duka, sibishani na hewa."

Nikarudi bomani kuandika. Alikuwa na haki. Ofisi yetu ilikuwa hodari sana wa kuandika makatazo, lakini ruhusa tulizitoa kwa mdomo, tukiwa tunatembea.

Sasa nafika kwenye kesi iliyonistaafisha.

Matangazo ya leseni yalikuwa yakiandikwa na Mzee Zakaria, na yalikuwa marefu kama safari ya Tabora kwa miguu. "Watu wote wenye kufanya biashara za namna yoyote wanapashwa habari ya kwamba wanatakiwa kufika bomani kwa ajili ya kuchukua cheti cha ruhusa," na kabla hujafika kwenye tarehe, msomaji ameshakwenda kunywa maji. Mimi sina subira na maneno. Siku Mzee aliyolala na homa, nikaandika langu: "Kila mwenye biashara akate leseni kabla mwezi haujaisha. Asiyekata atashitakiwa." Nikajiona nimeikomboa nchi. Shuleni ndivyo tulivyosema, unakata tiketi, unakata leseni. Bomani ndivyo wasomi wote tulivyosema. Mzee Zakaria aliporudi alilisoma mara mbili, akauliza, "Akate?" Nikamwambia ndicho Kiswahili cha siku hizi. Akaguna, akaweka muhuri, maana tangazo lilikuwa fupi na yeye bado kichwa kilimuuma.

Tarishi wetu, Masanja, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya kilima, alikwenda kulisoma Kirumba, pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki. Pale alikuwapo Mama Bwire. Huyu alikuwa mjane wa Kijita aliyekaanga samaki, sato na furu, kwenye karai kubwa, wavuvi wakila na ugali wa muhogo kabla ya kwenda kulala. Mahali pake palikuwa pazuri kuliko pote mwaloni. Upepo wa ziwa ulipeleka moshi upande mwingine, na mvuvi akishuka mtumbwini alimkuta yeye kwanza. Karai lile lilimlisha yeye, mama mkwe wake na watoto wanne. Na msimamizi wa soko, ambaye watu walimwita Bwana Ushuru, alikuwa na shemeji aliyejifunza kukaanga samaki hivi karibuni na alikuwa anatafuta mahali.

Mama Bwire leseni yake ya mwaka alikuwa nayo tayari, ina wiki mbili tu. Aliposikia tangazo akamfuata Masanja.

"Baba, na sisi tulionazo?"

"Tangazo limesema nini?"

"Limesema kila mwenye biashara akate."

"Sasa wewe huna biashara?"

"Ninayo."

"Basi kata. Selikali haichezi."

Mama Bwire akaazima mkasi kwa fundi cherehani, akaikata leseni katikati, vizuri, kwa mstari ulionyooka. Kesho yake akaja bomani. Mimi nilikuwa na foleni ya watu thelathini, nimechemka. Akanisalimu, akaweka kipande cha karatasi mbele yangu, akasema, "Nimeleta ya serikali." Nikasema, "Weka hapo, Mama, mwingine." Sikutazama. Nilikitupa kwenye sanduku la karatasi za kuangaliwa baadaye, na nyinyi mnajua sanduku lile, baadaye yake haijawahi kufika.

Siku ya tano Bwana Ushuru alipita Kirumba kukagua. Mama Bwire akatoa kwa fahari nusu ya leseni. Nusu ile ilikuwa na muhuri, jina haina. Bwana Ushuru hakuuliza swali. Alichukua karai likiwa na mafuta ya moto, akalimwaga mchangani, akamleta mama bomani na askari. Mashitaka mawili: kuuza bila leseni, na kuharibu karatasi ya serikali. Jioni ileile shemeji yake alikuwa ameshapanga mafiga pale.

Niliposikia nikaenda kwenye sanduku. Nusu ya pili ilikuwepo, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wangu, muhuri haina. Nikampelekea Mzee Zakaria.

"Hii imeandikwa daftarini kwamba imepokelewa?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi haipo."

"Ninayo mkononi, Mzee!"

"Kijana, karatasi ambayo haipo daftarini haipo. Irudishe sandukuni. Mama atatozwa faini, atalia, atanyamaza. Wewe ukisimama kesho, watauliza nani ameandika 'akate'. Tangazo halina mwandishi. Tangazo ni la serikali. Ukilitafutia mwandishi, umelivunja."

"Na mahali pake, Mzee? Shemeji mtu ameshaweka mafiga."

Mzee Zakaria akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini ya kutokuwepo daftarini, na ilimfaa.

Asubuhi kesi ikasikilizwa barazani. Mimi ndiye mkalimani, ingawa Bwana Shauri alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili na alipenda kukisema mwenyewe, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Wewe mwanamke. Kwa nini umekata karatasi ya serikali?"

"Mliniambia nikate, Bwana."

"Nani alikuambia?"

"Tangazo. Na huyu baba," akamwonyesha Masanja, na Masanja akapata kikohozi.

"Na nusu ya pili iko wapi?"

"Nimewaletea. Hata meli ya Bukoba ukikata tiketi, mwenye meli anabaki na kipande, na wewe unabaki na kipande. Nikasema haya, serikali nayo inataka kipande chake. Nimekileta mwenyewe, kwa miguu, na samaki zangu nimeziacha kwa jirani."

Bwana Ushuru akacheka. "Uongo mtupu, Bwana. Kipande kiko wapi?"

Nikakitoa mfukoni. Nikakiweka mezani kando ya kile chenye muhuri. Vikakutana sawasawa, mkasi wa fundi ulikuwa mkali.

"Alikileta kwangu," nikasema. "Sikukitazama. Na neno 'akate' nimeliandika mimi."

Mzee Zakaria alifumba macho kama mtu aliyeona mtoto akianguka kisimani. Bwana Shauri akaagiza kamusi. Tukangoja. Kamusi ikaja, akafungua kwenye K, akasoma kwa kidole: kukata, kutenganisha kwa kisu au mkasi. Akaniinulia macho.

"Kamusi inasema mwanamke amefanya sawa."

"Ndiyo, Bwana. Lakini watu husema kukata leseni, maana yake kuichukua."

"Na kukata kodi?"

"Hiyo ni kuiondoa kwenye mshahara, Bwana."

"Kukata rufani?"

"Kuomba kesi isikilizwe tena."

"Na kukata shauri?"

"Ndilo hilo unalotaka kufanya sasa, Bwana."

Watu barazani wakacheka na Bwana Shauri akawa mwekundu, lakini alikata shauri. Mwanamke hana kosa. Leseni iungwe kwa gundi, muhuri upigwe juu ya maungio, mahali pake arudishiwe leo, na Bwana Ushuru alipe mafuta aliyoyamwaga. Mama Bwire akapiga magoti, akashukuru, halafu akauliza:

"Bwana, mwaka kesho nikate vipande vingapi?"

Bwana Shauri akaita kesi nyingine. Saa nane Mama alikuwa Kirumba, na shemeji wa Bwana Ushuru alikuwa anabeba mafiga yake moja moja, watu wakimsaidia kwa maneno.

Barua yangu ilikuja siku ya Jumamosi. Haikutaja kesi wala tangazo. Ilitaja manufaa ya ofisi. Mzee Zakaria aliniletea mwenyewe, akakaa, akasema hajawahi kuona karani aliyejiandikisha mwenyewe kwenye kosa, na kwamba mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikamwambia ahsante. Nilikuwa na hasira, bado ninayo kidogo, lakini nikiikumbuka ile jioni ya mafiga inapungua.

Tangazo la masahihisho aliliandika Bwana Shauri kwa mkono wake, ili makarani wasiharibu tena. Lilisema: "Kwa amri ya Serikali, leseni za biashara zisikatwe." Masanja akalisoma mwaloni, akalisoma sokoni, akalisoma mtaa wa Bwana Hirji. Sijapata kuona tangazo lililopokelewa kwa furaha kama lile. Walipiga vigelegele. Mwezi ukaisha, dirisha la leseni likakaa bila mtu, nzi peke yao. Askari wakaenda kuuliza, kila mtu akajibu kwamba alitaka sana kukata leseni, roho inamuuma, lakini serikali imekataza.

Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kwa Mama Bwire, nakula furu, kazi sina. Nikamwona Mzee Zakaria anakuja kwa miguu, Masanja nyuma amemshikia mwavuli. Mzee Zakaria hatoki ofisini. Mimi sikujua kama ana kivuli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kijana, tuandike nini? Tukisema akate, wanakata. Tukisema asikate, hawaji. Nimerudia lile langu la zamani, refu, Masanja akapaliwa katikati."

"Nilipaliwa kweli," akasema Masanja. "Nilidhani nakufa, na bado sijafika kwenye talehe."

Nikamgeukia Mama Bwire. "Mama, mwanzo ule kabisa, kabla ya tangazo langu, ulipotoka nyumbani kuja bomani kwa leseni, uliaga vipi? Ulisema unakwenda kufanya nini?"

"Nilimwambia mama mkwe nakwenda kulipia mahali pangu."

Mzee Zakaria akatoa penseli sikioni. Akaandika kwenye karatasi, polepole, kwa ule mwandiko wa Kijerumani: "Kila mwenye biashara aje bomani kulipia mahali pake." Akasoma. Masanja akasoma kwa sauti ya kuita ng'ombe, na wavuvi wawili waliokuwa wanakula wakatazamana, mmoja akauliza lini. Lilikuwa fupi kama nilivyotaka mimi, na lilieleweka kama alivyotaka yeye. Nilitaka kumkumbatia.

Mzee Zakaria akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Haifai."

"Kwa nini, Mzee? Si umewaona hawa, wameelewa!"

"Wameelewa sana. Mtu ukimwita aje kulipia mahali pake, kesho atadhani ni pake."

Mama Bwire alikuwa anageuza sato kwenye karai. Hakuinua kichwa.

"Kwani ni pa nani?"

Mzee Zakaria akamwomba amfungie samaki mmoja kwenye jani, akamlie ofisini.